Waulizeni Wapangaji wa Kibera na Kawangware

Saa kumi na moja alfajiri, reli inayokata Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, huwa imejaa watu. Wanatokea vijiji vya Gatwekera, Kisumu Ndogo, Mashimoni na Laini Saba, wanapanda tuta la reli kupitia vichochoro vya matope, kisha wanashika njia kuelekea Eneo la Viwanda. Wanaume wamebeba viatu vya mjengo begani. Wanawake wamejifunga leso kiunoni, na chakula cha mchana kimo kwenye kikopo ndani ya kikapu. Mwendo ni wa saa moja na zaidi. Hakuna anayepiga soga ndefu, maana anayechelewa langoni mwa kiwanda hukuta vibarua wa siku wameshachaguliwa.

Muulize mmoja wao kwa nini hapandi matatu, atakufanyia hesabu papo hapo. Tuseme nauli ya kwenda ni shilingi 50 na ya kurudi ni 50. Kwa siku 26 za kazi inakuwa shilingi 2,600. Hiyo ni kodi ya chumba cha udongo Kibera kwa mwezi mzima. Miguu yake ndiyo inayomlipia kodi. Mhamishe mtu huyo umpeleke kilomita 30 nje ya mji, kwenye nyumba ya mawe yenye rangi mpya na choo cha ndani, na utakuwa umempokonya ile fedha iliyomwezesha kuishi Nairobi.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo ya makazi nchini mwetu huanzia kwingine. Huanza na idadi. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nyumba 500,000 za bei nafuu kufikia 2022. Serikali ya Rais William Ruto ikaja na ahadi ya nyumba 200,000 kila mwaka. Haja ipo, hilo halina ubishi. Sensa ya 1962 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 8.6, ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Nairobi, ambayo mwaka 1962 haikuwa na watu 350,000, ilikuwa na milioni 4.4 mwaka 2019. Nchi inayokua hivyo lazima ijenge, tena kwa haraka.

Lakini idadi haisemi nyumba ni ya nani, iko wapi, na ni ya kununua au ya kupanga. Nimeishi Kawangware miaka saba na nimekuwa nikiingia Kibera kwa kazi yangu ya kuandika kwa miaka mingi kuliko hiyo. Msimamo wangu ni huu: wakazi wengi wa mitaa hii miwili wanataka kwanza chumba kizuri cha kupanga, karibu na kazi, chenye maji, choo na mlango imara, ambacho hawatafukuzwa bila notisi. Hati ya kumiliki fleti inakuja baadaye sana, na kwa wengi haipo kwenye mipango kabisa. Serikali inakusanya fedha na kujenga nyumba za kuuza, huku mpangaji akiachwa mikononi mwa soko.

Chumba changu kilikuwa Gatina, Kawangware, kwenye ploti ya mabati yenye vyumba 14, saba upande huu na saba upande ule, katikati uwanja mwembamba wa saruji wenye mfereji wa maji machafu. Futi kumi kwa kumi. Kitanda nilikiinua juu ya matofali ili mitungi ya maji, debe la unga na sanduku la nguo viingie chini yake. Pazia la maua liligawa chumba: nyuma yake kulala, mbele yake jiko na sebule. Mimi nilikuwa peke yangu. Jirani yangu, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifua nguo kwa matajiri wa Lavington, alikuwa na chumba sawasawa na changu. Kila usiku alitoa meza nje ili watoto wapate pa kulala, na kila asubuhi aliirudisha ndani. Ikinyesha, meza ililoa. Miguu ya meza hiyo ilikuwa imeoza na kufupika, na mguu mmoja ulitegemezwa kwa kifuniko cha chupa.

Vyoo vilikuwa viwili kwa vyumba vyote 14. Kimoja kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari, umefungwa kipande cha ubao ili usitumbukie shimoni. Usiku ufunguo huo ulikuwa jambo zito. Binti mkubwa wa mama yule hakuthubutu kuvuka uwanja peke yake baada ya saa nne. Alimwamsha mamake, mamake akachukua tochi, wakaenda wawili. Siku moja nilimuuliza mama huyo kama angepewa nafasi ya kuchagua nyumba angechagua ipi. Hakutaja ghorofa wala hati. Aliniambia, “Ndugu yangu, nipe choo cha ndani na maji ya mfereji, mengine nitajipanga mwenyewe.”

Nimekuwa nikiyapima maneno yale kila ninaposoma mpango mpya wa makazi. Nikiona picha ya jengo yenye miti iliyochorwa kwa kompyuta na watoto wanaoendesha baiskeli, natafuta kwanza mahali pa jirani yangu. Mara nyingi hapapatikani.

Kawangware ina jambo moja linaloitofautisha na Kibera, na watunga sera hulisahau. Ardhi ya Kawangware ni mali ya watu binafsi. Dagoretti ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu kabla mji haujaifikia, na familia nyingi zilibaki na mashamba yao. Mji ulipofika, shamba la mahindi likawa safu ya vyumba vya mabati vya kupangisha. Wapangaji wakaja, wengi wakitoka magharibi mwa nchi, Kakamega, Vihiga, Busia, wakivutwa na kazi za upande wa pili wa barabara. Maana Kawangware imepakana na wenye nacho. Barabara ya Gitanga inakuchukua kutoka Valley Arcade, inakupitisha kwenye kuta ndefu za mawe za Lavington, na kukutua kwenye vumbi na kelele za soko la Kawangware. Eneo bunge la Dagoretti Kaskazini lina wadi tano: Kilimani, Kileleshwa, Gatina, Kabiro na Kawangware yenyewe. Mbunge ni mmoja. Anayepika Kileleshwa, anayelinda lango Kilimani na anayefagia ofisi za Lavington wanarudi jioni Gatina na Kabiro kwa miguu. Upande mmoja hauwezi kuishi bila mwingine, ingawa mmoja hupangwa na mwingine huachwa ujipange.

Na Kawangware imejipanga. Kwa miaka zaidi ya kumi sasa mabati yanang'olewa na mahali pake panasimama majengo ya ghorofa tano, sita, saba. Serikali haikuyajenga, na benki zimechangia kidogo. Ni wenye ploti wenyewe, kwa akiba na mikopo ya vyama vya ushirika. Nimepita ndani ya mengi. Ukumbi wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mitungi hawapishani. Vyumba vya ndani havina dirisha la nje. Taa inawashwa mchana. Ghorofa moja ina vyoo viwili au vitatu. Jengo likigusana na jirani yake, hewa inakwisha kabisa, na moto ukizuka ghorofa ya pili sijui wa ghorofa ya sita atashukia wapi.

Hata hivyo watu wanahamia humo kwa furaha, na mwandishi anayetaka kusema kweli lazima akubali hivyo. Jirani yangu wa meza alihamia. Alilipa karibu mara mbili ya kodi ya mabati, akapunguza matumizi mengine, kwa sababu ukuta wa mawe hauchanwi na mwizi kwa kisu, stima ina mita ya tokeni, na choo kiko ukumbini, hatua kumi kutoka mlangoni mwake, ndani ya lango linalofungwa. Soko lilisikia alichokitaka na kumpa nusu yake. Nusu nyingine, yaani dirisha, hewa, ngazi ya dharura na kodi isiyopanda kila Januari, soko halikumpa, kwa sababu hakuna aliyelilazimisha.

Hapo ndipo serikali inapohitajika, na hapo ndipo haionekani. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza malalamiko ya wapangaji. Sheria hiyo inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zamani kiwango hicho kilikuwa kikubwa. Leo chumba kimoja cha mawe Kawangware kimekipita mara mbili, hivyo mlinzi anayelipa 5,000 hana baraza la kukimbilia. Anabaki na mahakama ya kawaida, na wakili wa kulipwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchelewa kulipa siku nne. Nilirudi kutoka kazini nikakuta kufuli la pili juu ya langu. Msimamizi wa ploti alikuwa ametumwa na mwenye nyumba, ambaye sikuwahi kumwona uso. Nguo, vitabu na hata dawa ya kifua niliyokuwa nikiinywa vilikuwa ndani. Nililala kwa rafiki siku mbili hadi nilipopata fedha. Sikuletewa barua wala notisi, na majirani hawakushangaa. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kufuli. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Nilikuwa nakijua kifungu hicho kwa moyo siku ile, na hakikunifungulia mlango.

Kibera ni habari nyingine, na ni habari ndefu. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walianza kuweka makao pale kuanzia 1904, wakauita msitu ule kibra kwa lugha yao. Ilitengwa kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000, lakini hawakupewa hati. Kwa miaka mia moja ardhi ikamegwa: Lang'ata ikajengwa, mitaa mingine ikapata majina na wenyewe. Ni mwaka 2017 tu ambapo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Sehemu kubwa ya Kibera iliyobaki ni ardhi ya umma, na juu yake kuna wenye vibanda, ambao walijenga kwa idhini ya mdomo ya chifu na wazee, na chini yao kuna wapangaji, ambao ndio wengi kabisa. Mwenye kibanda hana hati, mpangaji hana mkataba, na wote wawili wanajua kwamba tingatinga linaweza kuja.

Tena huja. Julai 2018 lilifyeka njia ya barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, likabomoa nyumba, makanisa na shule, na watu wapatao 30,000 wakabaki nje katika baridi ya mwezi wa saba. Nilisimama pale asubuhi ya pili. Watoto waliovaa sare walikuwa wanatafuta madaftari chini ya mabati yaliyokunjika. Wazee wao hawakuipinga barabara. Walichotaka kilikuwa muda, na mahali pa kwenda.

Serikali imejaribu Kibera, na ni haki kuyataja majaribio hayo bila kuyabeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nyayo Highrise ilijengwa kwenye ardhi ya Kibera. Waliokuja kukaa humo ni watu wa mshahara wa kati, kwa sababu bei ilikuwa yao. Kisha ukaja Mpango wa Kuboresha Mitaa ya Mabanda, ulioanza kwa ushirikiano na UN-Habitat. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, zilihamishiwa kwenye fleti 600 za muda kule Lang'ata ili mtaa wao ujengwe upya. Familia mbili au tatu ziligawana fleti moja, kila familia na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya pamoja. Kesi mahakamani zikachelewesha ujenzi. Waliodhani watakaa miaka miwili wakakaa mingi zaidi. Mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa Soweto Mashariki, pamoja na vibanda 245 vya biashara.

Wapo waliofaidika, na nimewatembelea. Mzee mmoja alinionyesha bomba la jikoni kwake, akalifungua na kulifunga mara tatu mbele yangu, maji yakitoka kila mara. Kwa miaka 30 alikuwa akinunua maji kwa mtungi, na wakati wa ukame mtungi wa lita 20 hupanda hadi shilingi 20, bei ambayo kwa lita moja ni kubwa kuliko anayolipa mwenye bustani ya Karen. Furaha yake haikuwa ya kuigiza.

Lakini wapo waliopangisha nafasi zao, kule Lang'ata na hata kwenye nyumba mpya, wakarudi kwenye udongo. Viongozi wengi huwaita watu hao wasio na shukrani. Mimi nimekaa nao, na kila mmoja alikuwa na hesabu. Mama aliyekuwa akikaanga samaki mlangoni mwake Soweto alipelekwa ghorofa ya nne, ambako wateja hawapandi. Mwingine alipata bili ya stima, bili ya maji na malipo ya nyumba kwa wakati mmoja, mwisho wa mwezi, ilhali kipato chake huja kwa siku: leo 400, kesho hakuna, keshokutwa 600. Kibera alinunua kila kitu kwa kipimo cha siku hiyo, hata mkaa na mafuta ya kupikia, na mwenye kibanda alimjua na kumpa wiki moja ya kungoja. Akiipangisha fleti kwa mtu wa mshahara alipata fedha za kulipia kibanda chake na ada za shule. Yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji hulisema waziwazi nasi hatulitilii maanani. Kwa wengi wao, nyumbani si Nairobi. Mfanyakazi wa Kawangware anayetoka Vihiga hujenga nyumba yake ya kwanza Vihiga, matofali kwa matofali, kila Desemba. Huko ndiko atakakozeekea, na akifa huko ndiko atakakozikwa. Majirani wa ploti watachanga za jeneza na gari. Ukimwambia mtu huyo akatwe fedha kila mwezi kwa miaka mingi ili amiliki fleti Nairobi, unamwomba asimamishe nyumba aliyoianza. Anachotaka mjini ni mahali salama na pa bei ndogo pa kulala kwa miaka ya kazi, ili fedha zinazobaki ziende nyumbani. Hiyo ni akili, na haina dalili ya umaskini wa fikra.

Wala si wote walio hivyo. Mnubi wa Makina, huko Kibera, hana ushago mwingine. Kaburi la babu yake liko hapo. Kijana aliyezaliwa Lindi, humohumo Kibera, na wazazi waliozaliwa Lindi anaweza kuwa hajafika kwao Siaya hata mara moja. Hawa ndio wanaohitaji umiliki, au angalau hati ya pamoja isiyoweza kuuzwa na mtu mmoja. Na kuna mwenye kibanda mzee, mara nyingi mjane, ambaye vyumba vitatu vya udongo ndiyo pensheni yake. Ukibomoa bila kumhesabu, umemfilisi. Kwa hiyo nikisema waulizwe, sisemi kwa adabu tu. Mtaa mmoja una mahitaji matatu au manne yanayogongana, na aliye ofisini hawezi kuyakisia.

Hata idadi ya watu ilikisiwa: kwa miaka mingi dunia iliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu takriban 170,000. Watu waliopandisha idadi mara sita walikuwa na nia njema labda, lakini walichora mipango juu ya hewa.

Sasa tuje kwenye fedha, maana safari hii zipo. Ushuru wa nyumba ulianza kukatwa 2023: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba mwaka huohuo, Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na rais akaitia sahihi Machi 2024. Mlinzi wa Kawangware anayepata 18,000 anakatwa shilingi 270. Hayo ni maji ya mitungi 27, ukihesabu mtungi shilingi kumi. Analipa kila mwezi, sawa na meneja wa Kilimani, na ana haki ya kuuliza ni lini naye atafikiwa.

Sheria hiyo inataja nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ilipopitishwa ilitaka mnunuzi aweke amana ya asilimia 10. Mei 2025 familia 1,080 zilipokea funguo Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, katika mradi unaokusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 13,000, na malipo ya chumba kimoja kwa mwezi hayakufika 4,000. Nawapongeza waliolifanikisha hilo. Bei hiyo inakaribia kodi ya mtaa, na eneo liko karibu na viwanda. Kibera, upande wa Soweto Mashariki, ujenzi wa maelfu ya nyumba nyingine unaendelea. Ila hata huko njia ni ileile: lipa hadi umiliki. Asiyetaka kumiliki, au asiye na uhakika wa kulipa miaka mingi mfululizo, hana mlango wake. Mikopo ya nyumba ya benki nchini humu ni kama 30,000 tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Sisi ni taifa la wapangaji mijini, na hatuna mpango wa maana wa nyumba za umma za kupangisha.

Mbona zamani tulikuwa nazo? Halmashauri ya Jiji ilijenga na kupangisha Jericho, Kaloleni, Shauri Moyo. Zilichakaa kwa kukosa matunzo, lakini zililea vizazi vya wafanyakazi wa reli, walimu na wanamuziki. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na Halmashauri walianzisha mradi wa Dandora: viwanja 6,000 vyenye maji, mabomba ya maji taka na vyoo, mwenye kiwanja ajenge mwenyewe pole pole. Wengi walijenga chumba cha kwanza, wakajenga cha pili na kukipangisha, na kodi ya cha pili ikajenga cha tatu. Dandora ya leo ina shida zake, nyingi tu. Lakini hapo mtu alianza na alichonacho.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Huruma, katika kijiji kidogo kiitwacho Kambi Moto. Wakazi waliokuwa wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa 1996 kupinga kufukuzwa, waliweka akiba ya sarafu kila siku. Walijihesabu wenyewe, mlango kwa mlango, wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust. Wakakubaliana na Halmashauri kuhusu ardhi, na kuanzia 2003 wakajenga nyumba zenye msingi wa mita nne na nusu kwa nne na nusu, zinazopanda juu. Mtu alianza na chini: chumba, choo, ngazi. Akipata fedha aliongeza ghorofa. Jambo gumu kuliko saruji walilitatua mezani: mwenye vibanda vitano na mpangaji wake kila mmoja alipata nyumba moja. Walikaa vikao vingi kabla ya kufika hapo. Nilipowatembelea, fundi mmoja, mwanamke, alinionyesha boriti za zege walizozimimina wenyewe, akazigonga kwa ngumi.

Mukuru nayo, kabla ya majengo marefu kufika, ilitangazwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017 kuwa eneo maalum la mipango, na wakazi wakashirikishwa kusema barabara ipite wapi na bomba liwekwe wapi. Kwa hiyo kuuliza kunawezekana, tena hapa hapa Nairobi, na wako watumishi wa umma wanaojua namna ya kufanya.

Naiomba basi Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, Wizara ya Ardhi na Kaunti ya Nairobi. Tengeni sehemu ya ushuru huu, iandikwe kwa kiwango kinachojulikana, ijenge nyumba za umma za kupangisha Kibera: chumba kimoja na viwili, choo ndani, kodi inayolingana na ya mtaa, malipo yanayokubali wiki kwa wiki kwa wanaopata kwa wiki, na ghorofa ya chini iachwe kwa biashara. Kwa Kawangware, ambako ardhi si yenu, mkopesheni mwenye ploti kwa riba ndogo, naye afungwe kwa mkataba: madirisha, ngazi ya dharura, vyoo vya kutosha, na kodi isiyopanda kwa miaka fulani. Pelekeni Bungeni marekebisho ya ile Sura ya 296 ili kiwango cha 2,500 kifike kodi za leo, na mfanye kosa la jinai kumfungia mpangaji mlango bila amri ya mahakama. Na kabla ya kuchora lolote, tumeni makarani wakae jioni kwenye ploti, wakati watu wamerudi kutoka kazini, waulize: unafanya kazi wapi, unafikaje, unalipwa lini, unataka kukaa hapa hadi lini, nyumbani ni wapi.

Hayo maswali matano yanajibiwa kwa dakika kumi kwa kila mlango. Jirani yangu wa Gatina bado anafua Lavington, na bado anapanga. Kodi yake ya mwezi huu inatakiwa tarehe 5.